Mmoja kwa Dakika

Bi Arvella alipohamia Tulsa kwa mwanawe
aliniachia kuku watatu, ndoo ya wishwa,
na onyo moja kupitia dirisha la gari:
"Usiwakimbize. Anayekimbiza kuku
ndiye anayekula kuku, nao wanajua."

Nilicheka. Kisha nikaitazama mikono yangu.

Miaka kumi na tisa kiwandani, hapa Springdale,
zamu ya usiku, chumba cha taa ya buluu,
nilitundika kuku hai kwenye kulabu, miguu juu,
ishirini na mmoja kwa dakika.
Sikuwahi kumshika yeyote zaidi ya pumzi moja.
Hata leo usingizini vidole hujikunja,
na Jelton huniamsha: "Neijon, achia. Ni blanketi."

Jioni ya kwanza nilisimama katikati ya ua
kama nguzo ya umeme.
Wakajibanza nyuma ya tangi la gesi,
shingo tatu, macho matatu,
maana kuku hukutazama kwa jicho moja;
lile jingine huliweka akiba kwa ajili ya mlango.

Ya pili niliketi majanini, sketi ikalowa.
Mwewe hutoka juu, na kila kitokacho juu ni mwewe,
hata kiganja kilichojaa mahindi.
Basi mkono niliulaza chini
kama sahani iliyosahauliwa.

Kwetu visiwani ndege huitwa bao.
Tukacheza bao, wao na mimi:
kete moja ya mahindi karibu na kiatu,
kete moja gotini, moja kiwikoni.
Wiki nzima nilifungwa kila mchezo.
Haba na haba hujaza kibaba;
hawa walikimaliza kibaba, haba na haba.

Wa kwanza kuja ni yule mwekundu,
undu umemlalia jichoni kama kofia ya mlevi.
Akadona punje, akadona pete,
akadona kovu la kidole gumba,
kisha akanigeuzia lile jicho la akiba.

Nilijifunza kwa kukosea.
Nilimgusa kichwani: siku mbili hakunikaribia.
Nilisema nao kwa sauti ya kushinda mashine,
wakatawanyika kama sarafu.
Nikanong'ona, basi: bei ya mafuta,
goti la Jelton, barua ya kodi.
Hapo wakasogea. Kuku hupenda umbea
usio na haraka.

Sasa sikiliza, kama nawe unao:
anza na kidari, kwa mgongo wa vidole, si kwa ncha.
Panda hadi chini ya shingo, pale manyoya
yalipo mepesi kama mvuke wa wali.
Fuata yanakolala.
Akichuchumaa, mabawa yakalegea kidogo,
amekuruhusu mgongo.
Ukimwinua, bebea miguu. Hofu yote imo miguuni.

Hapo ndipo nilipokwama.
Magamba yale ya manjano nayajua gizani,
unene wake, joto lake,
lile teke moja la mwisho.
Mikono ikataka kupindua.
Jasho likanitoka, na ni Novemba.

Kuku mgeni, wanasema, hakosi kamba mguuni.
Kamba nilikuwa nayo mimi.

Nikaweka kiganja chini ya nyayo zake
kama mtu anayemshikia mtoto ngazi.
Akasimama juu yangu.
Kichwa juu, miguu chini:
nilikuwa nimesahau kwamba kuku
ndivyo alivyoumbwa.

Akajikunja kifuani pangu.
Ukope ukapanda kutoka chini, polepole,
akatoa ule mlio mdogo usiosikika kiwandani,
krrr, krrr, kama mlango unaofungwa
na mtu asiyetaka kukuamsha.

Jelton alichungulia, akauliza habari za chakula.
Nikamjibu kwa nyusi: subiri.
Mkono ulikuwa umekufa ganzi.
Dakika ikapita, nami, bila kutaka, nikahesabu:
mmoja.
Ya pili: mmoja.
Ya tatu,
yuleyule.