Mluzi wa Mzee Nandonde

Mikorosho elfu moja na mia moja na saba.
Babu aliihesabu kila mwaka kabla ya salfa,
akigusa kila shina kwa fimbo,
na mti uliokufa aliuacha kwenye hesabu
kwa sababu, alisema, haujang'oka.

Mimi nilikuwa karani wake. Darasa la sita,
daftari la vijumba, kalamu imefungwa uzi.

Newala, pale ardhi inapokatika ghafla
na bonde la Ruvuma likaonekana chini, mbali,
alikuwa na tangi la saruji lenye kufuli.
Ndoo moja ya maji, siku moja ya palizi.
Hakuna aliyemwita mnyonyaji. Walimwita Baba.

Alfajiri aliwaita vibarua kwa mluzi:
mmoja mrefu, miwili mifupi, kisha ule wa kupanda,
ukipita kwenye mwanya wa meno yake ya mbele.
Mwanya huo aliwagawia wanawe wawili, kila mmoja na mama yake,
kama alivyowagawia mashamba:
sawasawa, bila kuwauliza.

Chikoti na Dismasi walivuka mto pamoja kumtoa Mreno.
Mreno akatoka.
Wao hawakurudi. Habari zikaja nusunusu
pamoja na chumvi ya magendo:
kwamba ng'ambo sasa wanapigana wenyewe kwa wenyewe,
kwamba Chikoti yuko upande huu
na Dismasi upande ule,
au kinyume chake.
Babu alisema, "Andika magunia."

Kisha wakimbizi wakaupanda mteremko
na masufuria kichwani,
na watoto waliokwisha kuzoea kutolia.
Akawaajiri. Nusu ujira.
"Kwingine hata nusu hawapati," aliniambia,
nami nikaandika nusu, kwa mwandiko mzuri.

Amelina alifika wiki ya mabibo kuoza,
shamba zima likinuka uraka.
Kesho yake Babu akapiga mluzi.
Mmoja mrefu. Miwili mifupi.
Kabla ya ule wa kupanda
Amelina alikuwa kifudifudi kwenye majani makavu,
mtoto chini ya kifua chake,
kiganja kinywani mwa mtoto.

Hakuna aliyecheka.
Babu akachuchumaa, akamuuliza kwa Kimakonde
mluzi huo aliusikia wapi.
"Usiku wa moto. Ndivyo alivyowaita wenzake
kutoka nyumba moja kwenda nyingine."
Babu hakuuliza jina. Aliuliza,
"Ana mwanya?"
"Kulikuwa na giza, Baba. Niliona mgongo."

Tangu siku ile tuliitwa kwa rimu ya lori
iliyoning'inizwa nguzoni, ikigongwa kwa nondo.
Kufuli la tangi likaondoka; halikutangazwa.
Jioni alinishika mkono juu ya daftari.
"Futa. Andika kamili."
Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.
Kurasa za nyuma hakuzifungua,
nami sikumkumbusha.

Alikufa akihesabu. Alifika mia tisa na kitu.

Mwanya huo ninao mimi.
Miaka yote hii kuku nawaita kwa makofi,
mbwa namwita kwa jina.
Juzi, nyuma ya jiko, mjukuu wangu anarudisha mbuzi:
mmoja mrefu,
miwili mifupi.
Nimesimama na mwiko mkononi,
ugali unaungua,
nikiusubiri ule wa kupanda.