Alama Nne

Swali la mwisho Mwalimu Ndunguru aliliandika ubaoni
kwa chaki iliyokatika mara mbili:
Tofautisha algoriti na skimu. Alama nne.
Feni ilizunguka kwa kusitasita,
Barabara ya Morogoro ikapiga honi dirishani,
nami nikaliona daftari la mama.

Kava lina twiga aliyekwanguliwa jicho.
Ndani, wanawake kumi na wawili wa Keko Machungwa,
na mistari iliyopigwa kwa ubavu wa kiberiti.
Kila Jumamosi, kila mmoja elfu ishirini.
Jumlisha. Mpe aliyefikiwa na zamu. Weka vema.
Shuka mstari mmoja. Ukifika chini, rudi juu.

Hiyo, nikaandika, ndiyo algoriti.
Mpe mtoto wa darasa la nne, ataifuata,
na jibu litakuwa laki mbili na arobaini,
hata Msimbazi ukifurika, laki mbili na arobaini.
Haimjui Kidawa.
Haijui kwamba Kidawa amekuja na macho mekundu.

Lakini mchezo wa mama haukai kwenye hatua hizo tu.
Haingii mtu ambaye hakuna anayejua anapolala.
Zamu hupangwa kwa vizibo vya soda ndani ya sufuria,
na anayetumbukiza mkono ni mtoto asiyejua kusoma.
Daftari kwa mama, fedha kwa Bi Zamoyoni,
na wawili hao wasiwe ndugu.
Aliyekwisha kupokea akianza kukwepa,
wote humwendea, hukaa barazani kwake,
humenya vitunguu vyake bila kusema neno
mpaka atoe.
Yote hayo, nikaandika, ndiyo skimu,
na hatua zimo ndani yake
kama utambi ndani ya jiko la mchina.
Hakuna aliyewahi kuinjika chai juu ya utambi.

Mama angesema mpango.
Neno lenye milango miwili:
kuna mpango, na kuna "pale pana mpango,"
ukiinua nyusi.

Wa mlango wa pili alikuja mwezi wa Machi,
Ezron, mikono mirefu, kishikwambi kwapani.
Weka hamsini, siku arobaini upate mia.
"Algoriti haidanganyi, mama zangu," akasema,
na kwa hilo alisema kweli:
pokea kwa wa nyuma, mlipe wa mbele, shuka mstari mmoja.
Hesabu zake zilikuwa safi
mpaka asubuhi ile simu yake haikupatikana.
Mama alikuwa amemuuliza kitu kimoja tu:
"Ukifa kesho, daftari liko kwa nani?"
Akacheka. Wengine nao wakacheka.
Kidawa akaweka zamu yake nzima.

(Muda ulikuwa unakwisha. Mwandiko wangu ukaanza kulala.)

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Bi Zamoyoni,
aliyekwisha kuagiza mabati.
Akamtazama Kidawa, akamtazama mama.
Mama akaruka mistari saba,
akaweka vema pasipostahili vema,
pembeni akaandika: mabati yatasubiri.

Nikasahihishiwa kwa wino mwekundu.
Mbili kati ya nne.
Mifano mingi. Ufafanuzi uko wapi?

Nyumbani mama aliishika karatasi mbali na macho,
akasoma polepole mpaka alipofika kwenye jina lake,
akaguna.
"Nusu si haba."
Akachana kipande cha chini, kile kisichoandikwa,
maana daftari limejaa na mzunguko mpya unaanza.
Akalaza kiberiti, akapiga mstari wa kwanza.
"Huyo mwalimu wako," akauliza,
"anacheza mchezo wapi?"