Nimehama Mara Saba

Nimehama mara saba na sijatoka Isevya.

Ya kwanza ilikuwa ya tochi,
chaji ikikaa juma zima kama mgeni asiye na aibu.
Ya pili ya kuteleza. Ya tatu ya laini mbili,
iliwahi kulia katikati ya swala ya Ijumaa
nikasahau nimefika rakaa ya ngapi.
Ya nne na ya tano sizitaji, zilikuwa feki.
Nilijua ni feki. Nikazipenda hivyo hivyo.

Kompyuta yenyewe ilikuja kwa treni kutoka Dar,
imeviringishwa blanketi la damu ya mzee.
Nikaipokea stesheni saa tisa usiku,
nikaifunga kwenye baiskeli, nikasukuma, sikupanda,
kila shimo la barabara nikiliomba radhi.
Nyamizi alishika taa mlangoni.
"Na hii inakula nini?"
Umeme, mke wangu.
Umeme ukakatika usiku ule ule
mfumo mpya ukiwa umefika asilimia tisini na saba.
Tatu tu!
Nilikaa gizani nikizihesabu kwa vidole.

Sasa hii ya saba, ina kamera tatu
zinazonikodolea kama buibui wa chooni.
Fundi Hamdu wa Ng'ambo aliniambia,
"Ilaze karibu na ile ya zamani, zitaongea zenyewe."
Nikazilaza mezani, bega kwa bega,
bando la usiku likitiririka,
nikanywa chai ya asali mpaka birika likakauka
nikingoja zimalize umbea wao.

Alfajiri picha zote zilikuwa zimefika.
Majina nayo yalifika, na mapacha wao:
Maganga wawili,
mwenye nyumba wawili (mmoja ananitosha),
na Nyamizi watatu.
Nyamizi. Nyamizi Mpya. Nyamizi 2.

Mke wangu hana habari na mambo ya simu, ila majina anasoma.
"Huyu Mpya ni nani?"
Ni wewe, ulipobadili laini.
"Na huyu wa namba?"
Ni wewe, kwenye akaunti.
"Kwa hiyo mimi hasa ni yupi?"
Nikapiga wote, mmoja baada ya mwingine,
na mara tatu simu ikalia kwenye pindo la kanga yake,
na mara tatu hakucheka.

Kilichobaki nyuma sikukijua mpaka nilipoanza kuandika.
Ile ya zamani, kwa miaka sita, ilikuwa imejifunza mdomo wangu.
Niliigusa m, w, a, nayo ikamalizia: mwangaluka.
Ilijua Sikonge nina mama mkwe
asiyepokea salamu ya Kiswahili kabla jua halijapanda.
Hii mpya imesoma sana, na imezaliwa mbali.
Nikaandika: Mwangaluka, mayu.
Ikaona nimekosea. Ikanisaidia.
Kule Sikonge mjukuu akamsomea bibi yake kwa sauti, mbele ya wageni:
"Mwanga mama."

Jibu lilikuja saa nne.
"Mwanga ameamka salama. Usiku alipita kwako
akakukuta macho, uso unawaka kioo.
Akajiuliza, kati yetu, nani anawanga?"

Hapo ndipo Nyamizi alicheka,
akakaa chini kabisa, sakafuni,
akaniomba nimsomee tena.

Tangu siku hiyo naifundisha.
Naandika, inafuta. Narudisha, inafuta.
Nimelea mtoto, najua ukaidi ulivyo.
Zile sita zimo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati,
zimekufa zote isipokuwa ya tochi,
ambayo hutolewa umeme ukikatika
na kurudishwa bila shukrani.

Leo kabla ya kucha tulikuwa gizani,
ya tochi imeninginia msumarini, ikimulika.
Nikagusa m, w, a.
Ya saba ikasita.
Kisha, kwa herufi za kijivu, kama mtoto anayejaribu neno mbele ya mgeni:
mwangaluka?

Nikaitikia.