Sahani ya Pili

Mizani ya Mukose hupima mahindi, maharage,
na mara moja moja mtoto mchanga
ambaye kliniki imefungwa akiwa njiani.
Siku ile ilimpima Simanyi.
Vijana wanne walimnyanyua
kama watu wanaohamisha kabati.
Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukagoma kurudi:
kilo thelathini na tisa.
"Mama Nabwire," akasema Daktari Tibenderana,
"huyu ni mbwa au gunia?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Jina alimpa marehemu, Ouma wangu, kwa utani.
Mgeni akiuliza, "Mbwa anaitwaje?"
yeye hujibu, "Simanyi,"
na mgeni huondoka akidhani amedharauliwa.

"Anakula nini?" daktari aliuliza. Nikasema, "Mabaki."
Mabaki!
Miezi kumi na minne baada ya mazishi
mkono wangu ulikuwa bado unapikia wawili:
vikombe viwili vya unga, samaki wawili,
matoke hadi mfuniko haukai.
Napakua yangu, napakua ya pili,
naiweka upande wake wa meza, naitazama ikipoa,
kisha naishusha sakafuni polepole
kama mtu anayelipa deni kwa siri.
Simanyi hakubakiza kitu.
Mbwa ajuaje matanga yanaanuliwa lini?

Daktari aliandika nyuma ya risiti ya mahindi:
kikombe cha bati asubuhi, kimoja jioni, kisijae kichuguu.
Mukene wa kuchemsha, bila chumvi. Boga. Majani.
Ukoko wa posho, hapana. Chapati, hapana.
Na atembee.
"Na nani?"
"Wewe si una miguu?"

Walukuba yote ilitoka nje kututazama,
mimi na kamba ya mbuzi, na yeye nyuma.
"Mama, unampeleka mnadani?"
Tulifika kwenye transfoma, akalala chali,
ulimi nje, tumbo likipanda na kushuka.
Nikakaa juu ya jiwe, nikijifanya namsubiri.
Ukweli, mimi nilihema kumshinda.

Wiki ya tatu, tulivuka reli.
Mwezi wa pili tulifika Masese,
mukene wameanikwa kote, wanameta,
na kamba nikaishika kwa mikono miwili.

Adui hakuwa njaa. Adui alikuwa Waiswa
na kikaango chake pale kona,
akimrushia chapati zilizoungua.
"Mapenzi yako, Waiswa, yana mafuta mengi."
"Lakini Mama, ananitazama!"
"Na mimi ananitazama. Usiku kucha."

Hilo sikutia chumvi.
Aliisukuma sahani tupu kwa pua,
bati juu ya saruji, krr, krr, mpaka ukutani,
kisha akairudisha.
Nilijifunika mto kichwani.
Usiku mmoja niliamka, nikafungua kabati,
nikasimama na unga mkononi, nikaufunga tena.

Sokoni Amber Court nilinunua sufuria ndogo.
Muuzaji akauliza, "Ya wangapi?"
Nilichelewa kumjibu.

Daktari alinifundisha kupapasa:
ukigusa ubavu bila kuutafuta, mko karibu.
Jumanne, tukipumzika kwenye jiwe letu,
vidole vyangu vikaukuta mmoja,
kisha mwingine, kama punje za rozari.
Sikumwambia mtu.

Leo mizani imesema thelathini na moja.
Daktari anataka ishirini na saba.
Mukose, ambaye hesabu yake yote ni ya nafaka,
akasema, "Amepungua nusu debe."
Safari hii walimnyanyua vijana wawili.

Na jioni hii hii, sijui akili ilikuwa wapi,
nimepakua sahani mbili.
Simanyi amekuja, akakaa, akainusa meza,
akanitazama mimi, si chakula.
Nimeifunika ile ya pili kwa sahani nyingine;
kesho ni ya Waiswa, naye hula kama moto.
Nimechukua kamba msumarini.
Giza halijaiva bado.
Tumetoka, yeye mbele,
ananivuta.