Sifuri

Wazo lenyewe jepesi, bwana wakili,
mtoto wa darasa la tatu angekuambia:
kitu mara sifuri ni sifuri.
Basi kwa nini chipu ihangaike, iunguze umeme
kuzidisha kisichozidika?
Iruke. Iende mbele.
Hilo tu.
Na kwa kuruka huko mmepanda ndege watu kumi na wanne
kuja kuvutana hapa, mji mdogo wa Texas
wenye mahakama moja na maduka mawili ya pai.

Sisi tunasema hataza ni yetu.
Wao wanasema walitutangulia siku kumi na moja.
Ukutani wamemulika mchoro: mishale, visanduku,
"kifaa cha kubaini thamani tupu."
Kwenye jopo, muuguzi wa meno anaandika neno,
kisha analikata.

Mimi mchoro huo naujua.
Haukuwa na mishale.
Ulikuwa nyuma ya risiti ya tambi,
Hsinchu, saa nane za usiku, mvua,
mashine ya majaribio imetugomea tena,
na Bi Fan Yueh-o, fundi wa vipimo,
asiye na shahada ya kutundika ukutani,
alichovya kijiti cha kulia katika mchuzi
akapiga nukta penye kila sifuri.
"Hapa hapana kazi," akasema. "Mbona tunafanya?"

Mezani tulikuwa watatu.
Mmoja ni mimi. Mwingine, Hsiung Po-han,
leo yuko kule, upande wa wadai,
tai ya kijivu, hanitazami.
Fomu zilipokuja, kila mtu na kampuni yake,
palikuwa na mstari: majina ya wavumbuzi.
Niliandika langu. Naye akaandika lake.
Bi Fan tulimruka,
kwa ustadi, bila kupoteza umeme.

Jana hotelini wakili wetu kanifunda:
jibu ulichoulizwa, usiongeze.
Ndani ya *usiongeze* hiyo mna hisa zangu,
fleti ya Zhubei, ada ya binti anayesomea fidla.
Usiku kucha mashine ya barafu ilitapika koridoni.

Sasa anauliza wa upande wa pili:
kabla ya tarehe hiyo, alikuwapo mtu mwingine yeyote?
Wakili wetu anasimama kupinga. Jaji anamkalisha.
Mkalimani anamaliza, ananingoja.

Risiti ninayo mkobani. Nyeupe pe.
Karatasi zile hufifia; hata bei ya tambi haisomeki.
Na Bi Fan yuko Miaoli, analea mjukuu,
hajui kwamba anagombaniwa.

Navuta maikrofoni. Inakwaruza.
Nalitaja jina.

Karani anauliza linaandikwaje.
Nampa herufi moja moja, F, A, N,
sauti yangu kama ya mtu anayesomewa macho hospitalini,
na nikifika mwisho, kutoka meza ile,
bila kuulizwa na mtu,
Po-han anasema:
umesahau kistari.