Kuamia

Bibi yangu mzaa mama, kule Vanga, aliamia mpunga.
Alipanda dunguni alfajiri, teo mkononi,
akapiga debe, akaita, akatukana
hata sauti ikamkauka kama bua.
Mimi naamia lami.

Ofisini hakuna anayelijua neno hilo.
Kitambulisho changu kina maneno marefu
ya udhibiti wa wanyamapori,
na picha niliyopigwa nimefumba jicho moja.
Lakini kazi ni ile ile. Dungu limekuwa mnara wa vioo,
teo limekuwa bastola ya fataki,
debe ni honi ya pikapu ya manjano
ambayo gia ya pili haiingii mpaka uibembeleze.

Saa kumi na moja na nusu. Nyasi za kando zina umande.
Redioni, Mwanatumu ananiita kutoka juu kule:
"Ndurya, ya Ulaya imebakisha dakika kumi na mbili."
Kulia kwangu maji ya Port Reitz, hayajapata rangi.
Kushoto mabati ya Magongo, mtu anakohoa, redio inaamka.

Kunguru wameniwahi.
Kunguru wa Mombasa hawana haya:
wamekula Kongowea, wamenawa Makupa,
sasa wanaota jua katikati ya njia ya kurukia,
wakitembea mikono nyuma kama wakaguzi wa kaunti.
Nikifyatua, wanaruka kidogo, wanatua nyuma yangu.
Pikapu wanaijua. Katana akishika zamu yangu
humsumbua kwa makusudi.
Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Wahenga hawakuwaona hawa.

Yangeyange ni wastaarabu. Honi moja tu
na wanaondoka, weupe, wamekunja shingo,
kama watu waliokumbuka kuwa swala imeingia.
Mwewe ndiye mgumu.

Mwaka juzi mmoja aliingia injini.
Haukuwa mshindo. Ilikuwa kama mtu mzima
aliyepaliwa na chai mbele ya wakwe.
Rubani akairudisha chini salama,
abiria wakapelekwa hoteli, wakapewa soda.
Mimi nikapewa koleo na mfuko wa karatasi.
Manyoya niliyaokota kwa mkono, koleo halikufaa,
kisha nikajaza daftari: tarehe, saa, mwewe, mmoja.
Safu ni nyembamba. Neno jingine halingeenea.

Ya Ulaya imetua. Imetua vizuri.
Hakuna anayempigia makofi mtu wa pikapu.

Zamu ikaisha, nikatokea mlango wa wanaowasili,
katikati ya madereva wa Diani na mabango ya majina,
na mzungu mmoja mzee, darubini kifuani,
soksi zimevutwa hadi magotini,
akaisoma fulana yangu, akaniuliza
kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula:
"Bwana, hapa mna ndege wangapi?"

Nikamsahihisha. Kwa upole, kama mwenyeji.
"Ngapi, mzee. Ndege ngapi. Inategemea msimu."

Akatabasamu. Akafungua kitabu chake cha picha,
kurasa zimechakaa, pembeni ameandika kwa penseli.
"Hapana," akasema. "Wangapi."

Miaka kumi na tisa nawaamia,
na ulimi wangu umewasahau.
Yeye amekaa saa tisa tumboni mwa ndege
kuja kuwaona ndege
ninaolipwa wasionekane.

Dereva wake alikuwa akimpungia mkono.
Juu ya mlingoti wa taa, pale maegesho,
mwewe alikuwa amekaa, anajikuna chini ya bawa,
hana habari na mtu.
Nikamshika mzee kiwiko, nikamgeuza polepole.

"Mmoja," nikamwambia.
Kisha nikamwinulia mkono yule dereva,
asije akapiga honi.