Kikombe cha Sita

Nimekipindua kikombe kama mtu apinduaye jiwe
kutazama kilicholala chini yake.
Jikoni, Longton. Mvua inapiga dirisha,
redio ya jirani inataja matokeo ya farasi,
nami nimeshika lenzi ya marehemu mjomba Cyril
aliyokuwa akikagulia stempu.

Seti hii ilikaa kabatini miaka sabini.
Hatukuinywea. Tuliifuta vumbi kila Jumamosi,
na mama akisema, sauti kaishusha kama yumo kanisani:
"Bwana Tunnard mwenyewe alimpa bibi yako siku ya harusi."
Tukakua tukijua kwamba sisi,
ingawa choo kilikuwa uani,
tulikuwa watu wa kupewa.

Basi nasoma.
Chapa ya kijani: korongo, taji kichwani,
Tunnard na Wanawe.
Namba ya nakshi kwa wino mwekundu, 4417,
na kando yake vitone vitatu, vidogo kama mayai ya nzi,
alama ya mchoraji, ili ahesabiwe ujira
kwa dazeni.
Vitone vitatu ni bibi. Winifred Colclough.
Alivitia hata kwenye kadi za Krismasi.

Nisichokijua ni mkwaruzo.
Mstari mmoja umekata shingo ya korongo,
umechimbwa kwa makusudi, hadi kwenye weupe wa udongo.
Nakiweka, nashika cha pili: mkwaruzo.
Cha tatu. Cha nne. Visahani. Birika.

Nikampigia simu mzee Alcock, aliyekuwa mkaguzi tanurini.
Akacheka hata akakohoa.
"Makombo ya tanuri hayo, mwanangu. Vilivyokataliwa.
Tulivikwaruza chapa, tukawauzia wafanyakazi
kwa senti chache, Ijumaa."

Mfinyanzi hulia gaeni.
Na sasa kasoro nilizozifuta vumbi utoto wote
zinajitokeza moja moja:
mkono uliokaa upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni;
tone la ng'arisho lililoganda likiteremka;
waridi lenye doa la jivu, ambalo bibi
amelipakia jani juu, na jani
halikulifunika lote.
Ijumaa hii kikombe. Ijumaa ile, baada ya kodi na makaa,
kisahani. Harusi haikungoja seti itimie.
Hakuna aliyempa kitu.

Kisha cha sita.
Korongo ana shingo nzima.
Nakitafuta kovu, sioni. Mdomo umenyooka,
nikikiinua kwenye taa vidole vyangu vinaonekana ng'ambo,
vivuli vinne ndani ya maziwa.
Hakina mkwaruzo. Wala risiti hakuna.

Alikilipia bei kamili, ujira wa wiki mbili,
ili awe na kimoja kisicho na aibu?
Au kilipita langoni ndani ya aproni, chini ya ganda la mkate,
mlinzi akimtania kuhusu nywele zake?
Nilimuuliza mzee Alcock.
Simu ikanyamaza kidogo.
"Winnie," akasema, "alikuwa na mkono mzuri sana."
Halafu akaniuliza kama huko kwetu nako mvua inanyesha.

Kesho naenda kumwona mama. Ana miaka themanini na tisa.
Ataniuliza, nami nitamwambia chapa ni ya Tunnard,
kwa kuwa ni ya Tunnard.

Maji yamechemka.
Namimina chai kwenye kile chenye mkono wa upande;
kinanilazimu kukunja kiwiko, kuinamisha shingo.
Cha sita nimekiacha mezani kifudifudi,
kama mtu asiyetaka kuulizwa.